Kasi Aliyoiacha Leodgar

Isevya, Tabora
14 Januari 2024

Kaka Leodgar,

Tumsifu Yesu Kristo. Sikuamkii, maana ulinikataza tangu nikiwa darasa la pili. Shikamoo ni ya wazee wa reli, ulisema. Sisi tuliolala kitanda kimoja tunaitana majina.

Baba hajambo. Bado anaamka saa za zamu yake ya zamani, anavaa koti la reli na kukaa kibarazani kusikiliza treni, kama mtu anayekagua kazi ya wenzake. Mvua ni nzuri, mahindi ya Itetemia yamefika kiunoni. Kaburi la mama lilididimia upande wa kichwa, nimelijazia udongo mwenyewe. Shuleni wamenipa Historia kidato cha tatu, bado kwa kujitolea.

Sasa lililonikalisha kuandika. Ni kompyuta yako, hilo zee uliloling'ang'aniza kukimbia kuliko kiwanda kilivyoliruhusu, ukawa unajivunia kama mwenye ng'ombe wa mbio. Uliniachia na vijiti viwili vya RAM. Kazi yangu ni nzito, ikawa inasota, nikanunua vingine viwili vya mtumba kwa fundi wa hapa mtaani. Sasa viko vinne, na tangu hapo inanitesa. Inafanya kazi kidogo, inaganda, inatoa skrini ya buluu, inazima.

Halafu ile betri ndogo ya kwenye madabodi imechoka. Umeme ukikatika, mashine inasahau kila kitu mpaka tarehe. Kila mara naingia kwenye ukurasa wa mipangilio na kupakia ule mpangilio uliouhifadhi kwa jina lako, kama ulivyonifundisha: LEODGAR, ndiyo, enta. RAM inarudi kwenye kasi yako ya 2133. Sijaruka hatua hata moja. Bado inakufa.

Kazi yenyewe ni rekodi za mama, zile ulizochukua sebuleni wakati wa mazoezi ya kwaya. Unakumbuka mashine ya kusaga ya jirani ilivyokuwa ikinguruma nyuma yake? Nauondoa ule mngurumo. Faili likimaliza kutengenezwa, linatoka na mipasuko, ta, ta, ta, kama karanga kwenye kikaango, na mipasuko inaangukia kwenye sauti ya mama. Siwezi kuzipeleka stationery ya mjini zikabaki kwenye fleshi za watu.

Nataka tu zitunzwe. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Pelagia


Unovisi, nyanda za juu kusini
11 Februari 2024

Mdogo wangu Pelagia,

Milele na milele, amina. Barua yako nimepewa Jumapili ya kwanza ya mwezi, ndiyo siku yetu ya barua. Mlezi wa wanovisi huzisoma kwanza. Si kwa ubaya, ndiyo malezi. Jumatano hii tunaingia Kwaresima, sitapokea wala kuandika mpaka Pasaka, kwa hiyo usinihesabu kuwa mkimya.

Huku baridi inauma mpaka kwenye meno. Wenzangu walipewa nguruwe, mimi nikapewa mizinga. Mlezi alisema, "Huyu ni wa Tabora, nyuki ni shangazi zake." Wameniuma mara nyingi kuliko shangazi yeyote. Msalimie Baba, mwambie hapa hakuna treni, ila kengele ina nidhamu kuliko stesheni ya Tabora.

Kuhusu mashine. Zima, chomoa waya, toa vijiti vyote vinne. Sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Puliza vumbi kwenye matundu. Rudisha kijiti kimoja tu, washa, fanya kazi. Kisha kitoe, weka cha pili. Fanya hivyo kwa vyote, na kila kimoja ukijaribu katika kila tundu. Usichanganye. Andika unachokiona, kisha uniandikie.

Usiwe na haraka. Rekodi zimekaa miaka, hazitaoza.

Ndugu yako katika Kristo,
Leodgar


Isevya, Tabora
7 Aprili 2024

Kaka Leodgar,

Heri ya Pasaka. Baba alikwenda kanisani na koti lake, akakaa benchi la nyuma. Mbele hakai tena, kwa sababu mbele ndiko kwaya iliko. Nakutumia matobolwa, viazi vikavu vya kwetu, na chupa ya asali ya miombo, ulinganishe na ya hao shangazi zako wapya.

Nimefanya ulivyosema. Kila kijiti kikiwa peke yake kinafanya kazi, katika kila tundu. Nikiviweka vinne na kupakia mpangilio wako, mashine inakufa. Nimerudia mpaka vidole vimechubuka.

Sasa nitakuambia kwa nini rekodi haziwezi kungoja, na mlezi wako asome tu, hanidhuru.

Jumapili ya tarehe 24 Novemba kwaya inatimiza miaka ishirini na mitano. Mtani wetu, Mwalimu Festo, ameshatoa albamu ya jubilei. Inaitwa "Tua Mzigo, Mpagazi". Nyimbo nane, sita ni za mama. Kwenye jalada kuna picha ya Festo kavaa suti ya rangi ya maziwa, na chini: Mtunzi na Mwalimu, Festo. Jina la mama halipo hata pale wanaposhukuru waliochangia chai.

Nilimfuata baada ya Misa. Akanicheka mbele ya watu: "Mnyamwezi, babu zako walishindwa kulipa maji ya Ugogo, sasa unanidai nyimbo? Hizo ndiyo hongo yenyewe!" Wote wakacheka. Baba naye alitabasamu, kwa mazoea.

Juzi nimewafundisha kidato cha tatu habari hiyo hiyo. Misafara ya babu zetu ikipita Ugogo kwenda pwani, inatozwa hongo kwa kila kisima, wanagombana, wanachoka kugombana, wanageuka watani. Mtani akikutukana unacheka. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, na akikuumiza kweli?" Nikamwambia akae.

Kwenye rekodi zako mama anamfundisha Festo wimbo ule neno kwa neno. Anamkosoa, anamrudisha mwanzo. Mngurumo ukiondoka, kila mtu atasikia nani alimfundisha nani. Nitaicheza siku ya jubilei, kwenye spika zao wenyewe.

Na nataka kumkumbusha ya kaburini. Wewe ulikuwepo. Alivaa kitenge cha mama, akazunguka shimo akiigiza sauti yake ya mwisho, ile iliyokwaruza baada ya koo kuugua. "Sikilizeni chungu kilichopasuka! Mbinguni watampanga besi!" Watani wana ruhusa msibani, najua. Niliitazama midomo ya watu, nani anacheka.

Nisaidie kabla ya Novemba.

Pelagia


Unovisi
19 Mei 2024, Pentekoste

Pelagia wangu,

Asali yako imewaaibisha nyuki wangu. Matobolwa nimewagawia wenzangu. Mmoja wa kutoka Peramiho alidhani ni dawa akameza bila kutafuna.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kuhusu Mwalimu Festo nitasema dogo. Mama alimpenda. Alimwita Mgogo wa njaa, alimficha viatu, alipokuja kwetu alimpikia mlenda mtupu kusudi alalamike. Siku alipokuzaa wewe, Festo ndiye aliyekwenda kwa baiskeli kumtafuta mkunga, huku akimtukana njia nzima. Huwezi kuchukua tusi moja katika mia ukalipima peke yake.

Mambo ya nyimbo ni mengine. Mwandikie paroko.

Kuhusu mashine: kijiti kuwa kizima kikiwa peke yake hakutoshi. Babu zetu walijua, msafara huenda kwa mwendo wa mpagazi wa mwisho. Chukua fleshi, weka ile programu ya kupima RAM, uanze nayo kabla Windows haijawaka. Pima viwili viwili, kila jozi, usiku kucha. Mistari myekundu ikitokea, hapo pana kosa. Jozi ziko sita, kwa hiyo usiunguze siku zako, fanya jozi moja kwa wiki.

Natamani moyo wako utulie. Naomba kwa ajili yako kila alfajiri.

Leodgar


Isevya, Tabora
23 Juni 2024

Leodgar,

Baba ana kikohozi cha vumbi, si kikubwa. Mahindi tumevuna magunia ya kutosha.

Nimepima jozi zote sita kwa wiki moja, siyo sita. Jozi yako ya zamani ni safi. Ya mtumba ni safi. Ukichanganya kijiti cha zamani na cha mtumba kwa kasi yako, mistari myekundu inashuka kama mvua. Umeandika habari za mpagazi wa mwisho, halafu hukusema afanywe nini. Wewe uliyekuwa unanieleza kitu mpaka nalia kwa kuchoka.

Nilimwandikia paroko. Amenijibu kwamba kwaya ni familia.

Na kuhusu tusi moja katika mia. Nilisema niliitazama midomo ya watu kaburini. Wewe ulikuwa umeshika msalaba wa mbao wenye jina la mama. Ulicheka, Leodgar. Uliinamia msalaba ili usionekane, mabega yakawa yanatikisika. Wiki ya pili yake ukapanda basi kwenda kuwa mtakatifu.

Sihitaji unijibu hilo. Jibu la mashine.

Pelagia


Unovisi
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Pelagia,

Pole kwa kikohozi cha Baba. Mchemshie mchaichai na asali, asikae kibarazani upepo wa asubuhi.

Huku tumemaliza mafungo. Mlezi ameniita akanijulisha kwamba nimekubaliwa nadhiri za kwanza, tarehe 6 Januari. Familia zinaalikwa, ingawa najua njia ni ndefu na Baba hawezi. Kuna desturi hapa: siku hiyo baada ya chakula, kila mnovisi anaruhusiwa kuwasikilizisha wenzake wimbo mmoja wa kwao. Wataweka spika ukumbini. Mmoja ataleta ngoma za Wamatengo. Mimi nimeomba "Tua Mzigo", kwa sauti ya mama. Hata ubeti mmoja, Pelagia. Sijamsikia tangu niondoke, na nimeanza kupoteza jinsi anavyolitamka neno "mpagazi".

Mashine: ongeza volti ya RAM kidogo sana, hatua moja, upime upya. Ikikataa, shusha, kisha fungua feni zote uzifute vumbi. Ikikataa tena, tafuta vijiti vinne vya kampuni moja. Mjini Tabora huenda havipo, agiza Mwanza.

Hilo jingine umesema nisilijibu. Nimekutii.

Leodgar


Isevya, Tabora
13 Oktoba 2024

Leodgar,

Tumsifu Yesu Kristo. Joto la mwezi huu unalijua, mabati yanalia mchana. Baba amepona kikohozi. Anasema hongera kwa nadhiri, kisha akauliza kama mtapewa likizo ya kuzika wazazi.

Alhamisi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi. Uliporudi, mashine ikawaka kama kawaida yake, imesahau kila kitu, kalenda inasema ni mwezi wa kwanza wa mwaka ambao mama alikuwa bado anaimba. Nilitakiwa kuingia kwenye mipangilio. LEODGAR, ndiyo, enta. Baba akaniita, sufuria ya maharage inaungua. Nikabonyeza "endelea" nikakimbilia jikoni.

Nilisahau kabisa. Nikarudi, nikaanza kazi, ikawa inakwenda polepole kama punda wa Ujiji. Nikadhani imechoka. Jioni nikatambua kwamba haijazima hata mara moja. Nikaangalia kasi ya RAM: 1333. Ilikuwa imeamka kwa mwendo wake yenyewe, vijiti vyote vinne kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Niliiacha usiku kucha na asubuhi. Faili la kwanza limetoka bila mpasuko hata mmoja.

Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, mashine ilijiponya yenyewe. Na kila mara mimi, kwa mkono wangu, nikaitia ugonjwa upya kwa mpangilio wako. Miezi tisa. Sikuwahi kuwaza kwamba kosa laweza kuwa kwenye kitu chenye jina lako.

Lakini wewe ulijua. Nilikuandikia katika barua ya kwanza kabisa, nimeisoma nakala yangu: vijiti vinne, mpangilio wako, 2133. Mpangilio ule uliupima kwa vijiti vyako viwili. Mtu yeyote aliyewahi kuikimbiza mashine angenijibu kwa sentensi moja: Pelagia, usipakie mpangilio wangu. Badala yake ukanipa kifutio. Ukanipa usiku kucha. Ukanipa volti, vumbi, Mwanza. Ulikuwa unangoja Novemba ipite.

Andika kwamba hukujua. Nitakuamini kama ukiandika hivyo.

Pelagia


Unovisi
10 Novemba 2024

Pelagia,

Nilijua.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilianza kuandika sentensi hiyo hiyo uliyoitaja. Kisha nikajiuliza kwa nini unasema kwamba unataka "tu" zitunzwe. Nakujua. Mtu aliyekudhulumu peremende ukiwa na miaka mitano, ulimngoja mpaka siku ya Ekaristi yake ya kwanza, ukamlipiza.

Nilidhani ukichelewa utapoa. Ndiyo dawa pekee niliyonayo huku, kuchelewesha.

Nakuomba kwa jina la mama, usifanye. Siyo kwa ajili ya Festo. Ukimwaibisha atacheka, watu watacheka, na wewe utabaki umesimama pale huna kitu mkononi. Utani una kina kuliko chuki yako, mdogo wangu. Na kama hutacheka nao, basi fikiria Baba. Festo ndiye mtu pekee aliyebaki anayemtukana. Kila Jumatatu anafika kibarazani kumwita mkia wa treni. Umewahi kumwona Baba anacheka siku nyingine?

Wimbo wangu naomba bado, hata kama umenikasirikia.

Leodgar


Isevya, Tabora
1 Desemba 2024

Bruda Leodgar,

Shikamoo.

Mvua imeanza. Nimepanda karanga pembeni ya kaburi, ardhi ya pale imekuwa laini. Barua yako ilifika Jumanne, siku mbili baada ya jubilei. Safari hii posta ndiyo iliyochelewesha, bila kuombwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ulitabiri nusu yake sawasawa.

Baada ya Misa watu walikaa chini ya turubai. Kwaya iliimba, keki ikakatwa, Levina, anayeimba sehemu za mama kwenye albamu, akaimba solo huku akitazama viatu vyake. Mshereheshaji akauliza nani ana salamu. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha mama, alichokivaa Festo kaburini.

"Mimi ni binti wa Eustadia," nikasema. "Nimekuja kumdai mtani wangu hongo."

Vigelegele vikapigwa. Festo akapaza sauti kutoka meza kuu, "Wanyamwezi wamefika, ficheni sahani!" Nikampa kijana wa muziki fleshi.

Sauti ya mama ikatoka kwenye spika, safi kama yuko nyuma ya pazia.

"Festo, unapanda wapi? Shuka. Shuka, baba, utavunjika mguu."

"Nashuka, mtani."

"Hii nimeitunga mimi nikipepeta karanga, siyo wewe ukizitafuna. Sema 'mpagazi'."

"Mpaagazi."

"Mgogo wewe! Umekwama na mzigo mlangoni. Mpagazi. Rudia."

Wakacheka mpaka viti vikaanguka. Akina mama wa kwaya walikuwa wanalia na kucheka pamoja. Na Festo, kama ulivyosema, alicheka kuliko wote. Alisimama akainua mikono juu: "Nimekamatwa! Nimekamatwa, jamani! Mwizi wa nyimbo huyu hapa, nifungeni!" Wakampigia makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Binti kamweza mtani wake." Nikaona jambo lote linanitoka mikononi. Kesho yake lingekuwa kichekesho kizuri cha jubilei, na jina la Festo lingebaki kwenye jalada.

Hapo ndipo unabii wako ulipoishia. Nikamwambia kijana azime. Nikatembea mpaka meza kuu, nikapiga goti kama kwa mkwe.

"Shikamoo, Mwalimu Festo."

Akacheka. "Shikamoo gani hiyo? Una homa?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Ondoka hapa, mkia wa treni mdogo!"

"Shikamoo."

Mara ya tatu watu waliacha kucheka. Wanajua. Mtani haamkiwi. Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia kucheka, hakumpata. Ikabidi aitikie. "Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Kuanzia leo nyumba ya Eustadia haina mtani. Mwalimu, yale uliyoyasema kaburini kwa mama yangu, naomba uyarudie sasa. Uyaseme kama mtu tu, kwa mtu tu. Habari za chungu. Tunakusikiliza."

Alifungua mdomo. Nilimngoja, nina subira siku hizi, nimefundishwa kwa barua. Akatoa leso, akaifunua, akaikunja tena. Paroko akaanzisha sala ya kufunga.

Hicho ndicho nilichokitaka, na nimekipata. Sitakudanganya kwamba kilikuwa kichungu mdomoni. Kilikuwa kitamu. Levina alikuja usiku ule kusema wanakwaya wamekataa kuuza albamu mpaka jalada libadilishwe.

Jumatatu, saa ile ile ya Jumatatu zote, Festo alifika. Baba alimwona tangu kona, akajiweka sawa kwenye kiti, na nikamsikia akijaribu tusi lake polepole, kama anayepasha koo. Festo alisimama nje ya kibaraza. Hakupanda.

"Hodi," akasema. Kisha akavua kofia. "Shikamoo, mzee."

Miaka thelathini, Leodgar, hajawahi kumwamkia. Tusi lilikuwa bado mdomoni mwa Baba, nililiona likimezwa.

"Marahaba," Baba akajibu.

Festo akasema amekuja kujulia hali tu. Baba akasema hali ni njema. Festo akavaa kofia akaenda zake. Baba aliingia ndani, akavua koti la reli akalitundika, na tangu siku hiyo hajalivaa. Usiku aliniuliza, "Mwanangu, utani uliuanzisha wewe?" Nikasema hapana. "Basi ulikuwa unafunga mlango wa nani?" Jumatatu atakaa na mimi. Nitajifunza kumtukana.

Sasa wimbo wako.

Uko kwenye fleshi iliyomo humu pamoja na chupa ya asali, nimeifunga kwa kitambaa ili isilowane na asali. Ubeti mmoja uliomba, nimekuwekea wote. Lakini kabla ya kuutengeneza niliirudisha mashine kwenye mpangilio wako. LEODGAR, ndiyo, enta. Ilizima, nikaiwasha, ikazima, nikaiwasha, mpaka ikamaliza. Mama anaimba mwanzo hadi mwisho, na sauti imepasuka kila mahali. Kwenye "mpagazi" haisikiki kabisa. Wenzako ukumbini wakishangaa, waambie ndivyo alivyokuwa mwishoni. Festo alipoieleza sauti hiyo kaburini ulikubaliana naye.

Ile nzima iko hapa Isevya, kwenye mashine inayokwenda polepole. Haitumwi kwa posta. Ukitaka kuisikia, njia unaijua.

Pelagia